Usasa wa India Haukuzaliwa kwa Kiingereza

Umeenea uzushi mmoja katika mazungumzo ya fasihi, kwamba India iliingia katika usasa siku waandishi wake waliposhika Kiingereza. Anayeuamini hutaja Salman Rushdie, Arundhati Roy na Vikram Seth, kisha hufunga orodha. Kibengali, Kiurdu na Kimarathi huwaachia wachunguzi wa mambo ya kale, kana kwamba si lugha ambazo watu huposana, hudaiana na kutukanana kwazo hadi leo. Makala haya yanaupinga uzushi huo.

Chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1835 Thomas Macaulay, akiwa katika utumishi wa ukoloni wa Kiingereza, aliandika waraka wa elimu uliodai kwamba rafu moja ya maktaba nzuri ya Ulaya ina thamani sawa na fasihi yote ya India na Uarabuni. Katika waraka huohuo alikiri kwamba hakijui Kisanskriti wala Kiarabu. Hukumu ilitolewa na asiyeweza kusoma alichokihukumu.

Mwaka 1997, India ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, Rushdie naye alidai kwamba nathari ya Wahindi walioandika kwa Kiingereza katika nusu karne hiyo ina nguvu na uzito kuliko sehemu kubwa ya yaliyoandikwa katika lugha rasmi 16 za nchi. Katika mkusanyo aliouhariri pamoja na Elizabeth West, kazi moja tu iliyotafsiriwa ilipata nafasi, nayo ni hadithi fupi ya Kiurdu ya Saadat Hasan Manto. Rushdie si Macaulay. Ni mzaliwa wa Mumbai na mwandishi hodari. Lakini anayezipima lugha 16 kwa kile kilichomfikia kwa Kiingereza hapimi fasihi, anapima bidii ya watafsiri na hamu ya wachapishaji.

Tuutazame ushahidi. Mirza Ghalib (1797–1869) alitunga ghazali, bahari yenye mishororo miwiliwili, kina kisichobadilika na kiitikio kinachorudi. Ndani ya pingu hizo alitia shaka, kejeli na upweke wa mtu anayeuona ulimwengu wake ukibomoka. Alikuwamo Delhi mwaka 1857 maasi yalipozimwa na mji ukaadhibiwa. Barua zake, alizoziandika kwa Kiurdu cha mazungumzo, zilifungua njia ya nathari mpya ya lugha hiyo. Hakuhitaji kuivunja ghazali ili awe mtu wa kisasa, wala hakuhitaji Kiingereza.

Michael Madhusudan Dutt (1824–1873) alianza upande wa pili. Aliota kuwa mshairi wa Kiingereza, na mwaka 1849 akachapisha utenzi kwa lugha hiyo. Jina lake hata hivyo linaishi kwa Kibengali. Mwaka 1861 alitoa Meghnad Badh Kavya, utenzi uliochota kisa katika Ramayana na kumfanya shujaa mwana wa Ravana, adui wa Rama. Aliifuta kanuni ya vina, akaihamisha vituo vyake huku na huko, lakini mizani 14 ya mshororo wa jadi hakuigusa. Alijua ni nguzo gani inayobeba paa. Wapo kwetu ambao utenzi huo wangeuita guni kabla ya kuusoma, na wapo ambao wangeusifu kwa kukosa vina tu. Wote wawili wangeikosa kazi yake.

Ipo hoja nzito ya kunijibu. Lugha za mama nazo zina milango iliyofungwa. Kwa Wadalit, waliotengwa na mfumo wa matabaka, lugha iliyosafishwa kwa Kisanskriti ilikuwa ya waliowadharau, na baadhi yao wameona Kiingereza kuwa njia ya kutokea. Siwalaumu. Lakini Namdeo Dhasal, Mdalit, alichagua njia nyingine. Mwaka 1972 alichapisha diwani ya Golpitha, iliyobeba jina la mtaa wa madanguro wa Mumbai, kwa Kimarathi cha mtaa huohuo. Hakuiomba lugha ya wenyewe ruhusa ya kuingia. Aliilazimisha imjue.

Siku hizi tunaambiwa lugha za India “zimetambuliwa.” Geetanjali Shree, aandikaye kwa Kihindi, alipata Tuzo ya Kimataifa ya Booker mwaka 2022, na Banu Mushtaq, aandikaye kwa Kikannada, akaipata mwaka 2025. Ni furaha, na watafsiri wao wanastahili nusu ya tuzo wanayogawiwa. Lakini tuzo hiyo hutolewa kwa vitabu vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza. Riwaya ya Shree ilichapishwa mwaka 2018, na wasomaji wa Kihindi hawakungoja London iwaambie wanachokisoma.

Jambo hili latuhusu sisi tunaobishana juu ya mapokeo na usasa tangu kabla ya Kichomi ya Kezilahabi ya mwaka 1974. Tumeugeuza usasa kuwa swali la vina, ilhali India inatuonyesha kwamba Ghalib aliufikia kwa kuvishika na Madhusudan kwa kuviacha, na kila mmoja alikuwa ameyasoma mapokeo yake hadi mizizini.

Tena tunayo nafasi ambayo wengi hawana. Mombasa, Unguja na Dar es Salaam kuna watu ambao Kigujarati au Kikachi ndiyo lugha ya nyumbani kwao, na Kiswahili wanakijua vyema. Malenga na mtu wa namna hiyo wakikaa pamoja, shairi la Kigujarati laweza kufika kwetu bila kupitia Kiingereza. Mpaka tuifanye kazi hiyo, tutaendelea kuijua India kwa kadiri ambayo wengine wameamua kututafsiria.