Tusiitupe Habu ya Gea Tatu



Nilipofika nyumbani Kasese likizo iliyopita, nilikuta baiskeli ya marehemu babu imeegemezwa ukutani, na baba amekwisha kata shauri: habu ya nyuma itolewe, inunuliwe ya kawaida isiyo na gea. Fundi mmoja ndiye aliyemwambia kwamba chombo kile kimekufa, wala hakifunguliki. Bei aliyoitaja ilikaribia pesa zilizowekwa kwa karo ya dada yangu. Hapo niliingiwa na hasira, na ndiyo sababu naomba nafasi katika gazeti letu.

Baiskeli ni Raleigh, na habu yake ni Sturmey-Archer aina ya AW, iliyoanza kutengenezwa Nottingham, Uingereza, mwaka 1936. Yetu imepigwa chapa 63 na 4, yaani Aprili 1963. Kiwanda kile kilifungwa mwaka 2000, lakini kazi ilihamia Taiwan, na habu za gea tatu zatengenezwa huko hata leo. Katika gea ya kwanza, gea ya mnyororo ikizunguka mara nne, gurudumu huzunguka mara tatu tu. Sisi tunaokaa chini ya Rwenzori twajua faida yake tukiwa na mkungu wa ndizi nyuma!

Ugonjwa wake ulikuwa kwamba gea ya kwanza haikushika. Miguu ilizunguka bure. Kwanza nilitazama waya. Ukiweka gea ya pili, chungulia tundu la nati ya kulia: bega la kile kijiti cha ndani liwe sawasawa na mwisho wa ekseli. Wengi huponea hapo. Yangu haikupona, nikaifungua.

Nilitia alama kwenye pete ya gololi ili irudi mahali pake, nikaigonga kwa nyundo na patasi butu kuelekea kushoto. Ndani hapakuvunjika kitu. Mtu aliwahi kushindilia grisi nzito, nayo ikavigandisha vile vimeno vidogo vinavyosukumwa na springi nyembamba kama unywele. Niliosha kwa mafuta ya taa, nikatia mafuta mepesi ya injini. (Mafuta ya kupikia usitie, hugeuka gundi.) Koni ya kulia hukazwa kwa vidole, kisha hurudishwa nusu mzunguko. Mimi nilisahau kuirudisha, gurudumu likakwama, nikaanza upya huku baba akitazama kimya. Gharama yote ilikuwa nusu lita ya mafuta ya taa, mafuta kidogo ya injini na shati kuukuu.

Wenzangu husema kijana wa kidato cha juu hana haja ya kuchafua mikono, na fundi naye apate riziki. La pili nalikubali. Njiti zikikatika nampelekea yeye. Lakini asiyefungua kitu asikihukumu kifo kwa pesa za watu. Na karakana ya shule yetu, yenye jiriwa nzuri, kwa nini ifungwe kila Jumamosi mchana? Naomba tupewe ufunguo, hata kwa saa mbili.

Dada alirudi shuleni siku ya kwanza ya muhula. Baba huiendesha baiskeli sasa, ila gea ya tatu bado haiamini.