Ujasiriamali haufundishiki kwa nusu ya darasa

Jirani na Uwanja wa Mkapa, wilayani Temeke, kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam (DUCE), kilichoanzishwa mwaka 2005 mahali palipokuwa Chuo cha Ualimu Chang'ombe. Chuo cha ufundi cha VETA hakiko mbali. Yombo kuna chuo cha ufundi kwa watu wenye ulemavu, na Kurasini kuna Shule ya Msingi Matumaini ya Jeshi la Wokovu, iliyolea watoto wengi wenye ulemavu wa viungo. Ongeza hapo soko la Temeke Stereo, ambako nyanya na vitunguu vya jumla hushushwa wakati sehemu kubwa ya jiji bado imelala. Ualimu, ufundi, ulemavu na biashara vinaishi wilaya moja, yenye watu 1,346,674 kwa sensa ya 2022. Hata hivyo mwanafunzi wa chuo kikuu jijini anaweza kusoma kozi ya ujasiriamali muhula mzima, akafaulu vizuri, bila lolote kati ya hayo kutajwa darasani.

Vyuo vingi sasa vinataka mhitimu aguswe na ujasiriamali, awe wa uhandisi, wa sheria au wa ualimu. Vimekubali pia, walau kwenye sera, kwamba elimu iwe jumuishi: Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Lakini mambo haya mawili yanaendeshwa kama ofisi mbili zisizojuana. Moja inashughulika na mitaji, mashindano ya ubunifu na wageni waalikwa. Nyingine inashughulika na njia za viti mwendo na wakalimani wa lugha ya alama. Kwa maoni yangu hii ni kazi moja. Kozi ya ujasiriamali inayowaacha watu nje imeshindwa kazi yake yenyewe, maana ilichotakiwa kufanya ni kutambua ujuzi na nafasi mahali ambapo wengine hawavioni, na ikaanza kwa kutoviona kwa wanafunzi wake.

Tumchukue binti wa Mbagala aliyekulia kwenye genge la mama yake. Kabla hajamaliza shule ya msingi anajua kwamba tenga moja la nyanya lina bidhaa tatu: ngumu zinazoweza kukaa siku kadhaa, zilizoiva za kuuza leo, na zilizobonyea kule chini. Anajua kupanga mafungu ili kila fungu livutie bila kumla mama yake faida. Anajua kwamba jioni, watu wakishuka kwenye daladala, bei ishushwe mapema kwa zile laini, kwa sababu kesho hazitauzika kabisa. Analijua daftari la madeni: nani hukopa akalipa mwisho wa wiki, nani akishakopa hupita njia ya nyuma. Anajua tofauti kati ya mchezo wa akina mama, unaozunguka kwa zamu na kuaminiana, na mkopo wa kausha damu uliomfanya jirani auze friji. Huyu ana maarifa ya mzunguko wa fedha, ya bidhaa zinazoharibika, ya mikopo na ya wateja. Anafika chuoni anaambiwa: eleza maana ya ujasiriamali kwa mujibu wa wasomi watatu, kwa Kiingereza, alama sita.

Anapata mbili. Mwenzake aliyesoma shule za kulipia, ambaye hajawahi kuuza hata karanga, anapata tano kwa sababu Kiingereza chake kimenyooka. Mwisho wa muhula mmoja anaogopa sapu, yaani mtihani wa marudio, mwingine anaitwa mjasiriamali mtarajiwa. Cha kusikitisha zaidi ni somo ambalo yule binti analibeba kimyakimya: kwamba alichojifunza gengeni si elimu, na kwamba biashara halisi ni ile iliyomo kwenye slaidi.

Mjadala wa lugha ya kufundishia nchini ni mrefu na siwezi kuumaliza hapa. Shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha kuanzia kidato cha kwanza hadi shahada ni Kiingereza. Nakubali kwamba zipo taaluma ambazo kubadili lugha kunahitaji vitabu na muda. Lakini kwa somo la ujasiriamali hoja iko wazi. Mteja wa Tandika, msambazaji wa Kariakoo, afisa biashara wa manispaa na wanakikundi wenzake wote watazungumza naye Kiswahili. Ukimtaka mwanafunzi alinadi wazo lake kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wao atakayeitumia, umempima kitu kingine, na alama ulizompa hazikwambii lolote kuhusu uwezo wake wa kuuza.

Tena ushahidi kwamba somo moja haliwafai wote sawasawa tunao wa hapahapa Dar es Salaam. Wachumi wa Norway, Berge, Bjorvatn na Tungodden, waliwafuatilia wafanyabiashara wadogo waliokuwa wakikopa kwenye taasisi ya mikopo midogo ya PRIDE Tanzania. Baadhi walipewa mafunzo yaliyoendeshwa na wakufunzi wa kituo cha ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baadhi wakapewa ruzuku ya fedha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Fedha peke yake haikuleta mabadiliko ya maana. Mafunzo yaliwasaidia wanaume kukuza biashara zao. Kwa wanawake matunda yalikuwa hafifu, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni mzigo wa majukumu ya nyumbani. Somo lilikuwa lilelile na walimu walewale. Wanaosema kwamba usawa ni kumfundisha kila mtu kwa namna moja watafakari hapo. Mwanamke anayetoka darasani saa kumi jioni akaenda kuchota maji, kupika na kuogesha watoto hana saa ileile ya kujaribu alichofundishwa ambayo kaka yake anayo.

Utafiti mwingine ulihusu kipindi cha runinga cha ujasiriamali cha Ruka Juu, cha shirika la Femina Hip, kilichorushwa mwaka 2011. Wanafunzi wa sekondari zaidi ya elfu mbili walihusishwa. Hamu ya biashara ilionekana kupanda, hasa kwa wasichana, lakini kipindi kiliwapunguzia vijana bidii ya shule bila kuwapa kitu kingine cha thamani badala yake. Namkumbusha jambo hili kila mkuu wa chuo anayedhani kwamba kumleta mhamasishaji jukwaani, akawaambia wanafunzi waanze biashara kwa kutumia bumu lao, yaani fedha yao ya kujikimu, ni kufundisha ujasiriamali.

Sasa tuje kwa mwanafunzi mwenye ulemavu, ambaye kwake kuachwa nje hakuna hata kificho. Mhadhiri anaeleza huku ameugeukia ubao. Kiziwi anayefuata midomo amekwisha kupoteza nusu ya sentensi. Jedwali la mapato na matumizi limepigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp. Mwanafunzi asiyeona anayo kompyuta yenye NVDA, programu inayotolewa bure na kusoma maandishi kwa sauti, ila namba zilizo ndani ya picha haiwezi kumsomea kama kawaida. Kisha inakuja kazi ya kundi: nendeni Kariakoo mkahoji wafanyabiashara. Wenzake wanamwambia anayetumia kiti mwendo, kwa nia njema kabisa, kwamba abaki, atawasaidia kuchapa ripoti. Anapata alama sawa na wao. Lakini kumkabili mtu usiyemjua, kumuuliza ananunua wapi na kwa bei gani, kujibiwa vibaya na kurudi tena, hilo ndilo lilikuwa somo, nalo wamelisoma wengine.

Dawa ya mengi kati ya haya haina gharama kubwa. Jedwali litumwe kama jedwali. Mhadhiri azungumze akiwa ameliangalia darasa. Soko la kwenda lichaguliwe na kundi zima, likiwamo la mtaani kwa yule ambaye hawezi kupanda daladala, au mahojiano yafanyike kwa simu. Mkalimani wa lugha ya alama ndiye mwenye gharama ya kweli, na hapo chuo hakina budi kutenga fungu lake kwenye bajeti.

Wahadhiri wana jibu, nalo ni la haki: madarasa ni makubwa mno. Mtu mwenye mamia ya wanafunzi kwenye ukumbi mmoja na lundo la karatasi za kusahihisha hawezi kumjua kila mmoja kwa jina. Hilo ni deni la serikali na menejimenti za vyuo, na haifai kumbebesha mwalimu peke yake. Ila ukubwa wa darasa hauelezi kwa nini swali la mtihani limeandikwa hivyo. Kusahihisha simulizi ya tenga la nyanya hakuchukui muda mrefu kuliko kusahihisha maana tatu za wasomi.

Pingamizi la pili linanigusa zaidi. Wapo wanaosema neno ujasiriamali limekuwa njia ya kumtupia kijana lawama za ukosefu wa ajira: umesoma, hujaajiriwa, hukujiajiri, basi kosa ni lako. Wana hoja. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, aliitaka shule iwe sehemu ya uchumi wa jamii inayoizunguka, na kujitegemea kwenyewe kulikuwa ni kwa jamii. Katika kozi zetu za leo kumekuwa ni kwa mtu mmojammoja, na anayeshindwa anashindwa peke yake. Chuo kisimwahidi mwanafunzi utajiri. Kimpe uwezo wa kuisoma hali yake na ya wenzake, na kimwambie ukweli kuhusu vizuizi ambavyo juhudi pekee haiviondoi.

Ndiyo maana nasikitika kuona michanganuo ya biashara inaandikwa kwa ajili ya benki ambayo mwanafunzi hana dhamana ya kuipelekea, wakati mikopo ya halmashauri ipo. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa 2024. Kazi ya muhula ingeweza kuwa kuunda kikundi cha kweli, kuandika katiba yake, kuweka mihutasari, na kujaza maombi ya Kinondoni au Temeke hadi mwisho. Kikundi chenye mwanafunzi asiyeona na binti wa gengeni hapo hakimfadhili yeyote. Kila mmoja ana sababu ya kuwamo.

Na mfano wa chuo kilichoanza na mtu mahali alipo tunao Kinondoni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza 1994, na msingi wake ni kwamba mtu asome bila kufunga duka lake wala kuacha watoto. Vyuo vya bweni vina mengi ya kujifunza hapo.

Wakati wa kubadilika ni huu. Mradi wa elimu ya juu wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza 2021, umegharamia majengo na pia mapitio ya mitaala. Mtaala mpya wa sekondari umeifanya elimu ya biashara kuwa somo la lazima, na walimu wake wataandaliwa katika vyuo kama DUCE. Watakavyofundishwa wao ndivyo watakavyofundisha. Kwa hiyo nawaomba wakuu wa idara: ruhusuni kazi za ujasiriamali ziandikwe na kuwasilishwa kwa Kiswahili, pelekeni makundi yenu Stereo na Yombo, na toeni alama kwa maarifa ambayo mwanafunzi amekuja nayo kutoka nyumbani. Mengi ya haya yako ndani ya uwezo wa kikao cha idara. Kiitwe kabla muhula ujao haujaanza.