Jino Juu ya Bati
Mtoto wa Babati aking'oka jino la kwanza, akiwa na miaka 6 hivi, hulirusha juu ya bati na kuomba apewe jipya. Uhispania jino huwekwa chini ya mto, lichukuliwe na panya wa hadithi aitwaye Pérez. Japani jino la chini hurushwa paani na la juu hutupwa chini ya nyumba, ili jipya liote likielekea huko. Naipenda mila hii yetu ya kurusha jino: humtuliza mtoto aliyeona damu, wala haina gharama. Lakini sisi wa Bonde la Ufa tuna jambo zito zaidi. Gamba la nje la meno ya mbele ya ukubwani hujengeka ndani ya ufizi tangu uchanga, kwa hiyo siku jino la utoto linaporushwa, rangi ya linalofuata imekwisha kuamuliwa. Maji yenye madini ya floraidi kwa wingi, mtoto akiyanywa miaka hiyo, huliacha jino na madoa ya kahawia, na mtoto huanza kucheka akiziba mdomo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Manyara na Arusha vipo visima vinavyozidi hapo. Kituo cha Ngurdoto huko Arusha hutumia mkaa wa mifupa kuchuja floraidi kwenye maji. Mwenye mtoto mchanga aulize wiki hii: kisima chetu kilipimwa lini?