Dini Tumeirithi au Tumeijua?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, mwanafunzi wetu mmoja wa madrasa alituuliza: "Ustadhi, lau ningezaliwa nyumba ya jirani yetu Mkristo, si ningekuwa kanisani, nikiamini kuwa ninyi ndio mliopotea?" Wenzake waliguna. Nasi tulimwamrisha alete istighfari, tukaendelea na somo. Tunakiri kuwa tulikosea.

Swali hilo si geni. Imamu Al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia) anaeleza katika kitabu chake Al-Munqidh kuwa aliona watoto wa Manasara wakikulia katika Unasara, wa Mayahudi katika Uyahudi, na wa Waislamu katika Uislamu. Hapo ndipo taqlidi ilipoacha kumtosheleza. Na Qur'ani yenyewe inawalaumu wanaoshikilia waliyowakuta nayo baba zao (Al-Baqara, aya ya 170), na inawataka wanaodai kuwa Pepo ni yao peke yao walete hoja zao (aya ya 111). Vipi tuwadai wengine hoja ilhali sisi hatuna ila kuzaliwa?

Wengi wetu tukiulizwa dalili hukimbilia kasoro za kitabu cha mwenzetu. Mihadhara ya viwanjani imetuzoesha hivyo. Lakini paa la jirani kuvuja si dalili kuwa letu ni zima.

Tuitazame hadithi ya Hiraqli, Kaisari wa Warumi, iliyopokewa na Imamu Bukhari. Ilipomfikia habari ya Mtume (s.a.w.), alimwita Abu Sufyan, ambaye wakati huo alikuwa adui wa Uislamu, akamhoji: Je, mtu huyu alijulikana kwa uongo kabla ya kudai utume? Huvunja ahadi? Wafuasi wake wanazidi au wanapungua? Anaamrisha nini? Adui hakuweza kumtaja kwa uongo. Alikiri kuwa wafuasi wanazidi, na kuwa anaamrisha kumwabudu Allah peke yake, kusali, kusema kweli, kujihifadhi na machafu na kuunga udugu. Hii ndiyo njia ya hoja: kuupima ukweli wa mjumbe na ujumbe wake, hata kwa ushahidi wa asiyempenda.

Leo jirani akiwahoji wanaotujua sokoni, watamjibu nini juu ya mizani zetu na ahadi zetu? Uovu wetu haubatilishi haki, lakini huifunika.

Basi walimu wenzetu, tusiwahifadhishe watoto aya tu. Tuwape nafasi ya kuuliza, na tuwajibu kwa dalili. Yule kijana tulimwita tena, tukamwambia: "Huenda kweli ungekuwa huko. Na wajibu wako ungekuwa huu huu ulio nao leo: kuitafuta haki kwa dalili, na kuifuata popote utakapoiona."

Wabillahi tawfiq.