FUNDI WA NYUMBANI: Fimbo ijaribiwe mchangani kwanza

Umezoea kukuta hapa habari za viti vilivyovunjika miguu na mabati yanayovuja. Leo twende Lamu, maana kazi iliyonishughulisha mwezi mzima ni ya huko: kuunda fimbo ya kuvulia samaki, ile ya kurusha chambo cha manyoya.

Najua mvuvi wa Amu atacheka. Yeye ana mshipi, ndoana na chubwi, na fimbo yake ni kidole cha shahada. Hapo ndipo anapomsikia changu akidonoa. Sibishani naye. Ukitaka kitoweo cha jioni, chukua mshipi. Lakini mpwa wangu hupeleka wageni kuvua upande wa Manda, na baadhi yao hawataki mshipi. Zamani naye alikuwa mvuvi, kabla ya ujenzi wa bandari kuvuruga sehemu walizozoea kuvua. Huenda unakumbuka Aprili 2018, Mahakama Kuu ya Malindi ilipoamua kuwa wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Kijana hakukaa kungoja. Aliniomba fimbo, maana ya dukani inashinda pato lake la mwezi.

Kwanza elewa inavyofanya kazi. Kwenye mshipi kinachoruka ni chubwi, na uzi unafuata. Hapa chambo ni unyoya tu, hauna uzito. Kinachorushwa ni uzi wenyewe, mnene, uliovikwa plastiki. Kwa uzi wa namba 8, mita 9 za kwanza zina uzito wa karibu gramu 13.6. Uzito mdogo kama huo ndio unaotakiwa kuipinda fimbo, nayo ijinyooshe upesi na kuutupa uzi mbele. Ikiwa ngumu kama upondo, uzi hauendi. Ikiwa laini kama ukuti, upepo wa kusi utakurudishia ndoana usoni.

Wazee wa kazi hii walitumia mwanzi wa China, wakaupasua vijiti sita na kuvigandisha pamoja. Siku hizi ni nyuzi za kaboni. Shemeji alituletea vipande vinne vitupu kutoka Dubai, ambavyo vikiungana hufika futi 9.

Sasa tazama jambo ambalo wengi hulipuuza. Simamisha kipande mezani, kipinde kidogo kwa kiganja, kisha kizungushe. Hakitazunguka sawasawa, kitaruka na kutulia upande mmoja. Huo ndio uti wake wa mgongo. Weka alama ya chaki, na pete zote zifuate mstari huo. Fimbo ya futi 9 hutaka pete kama kumi, na ya kumi na moja nchani, kubwa zikiwa karibu na mpini. Chagua za chuma kisichoshika kutu, la sivyo chumvi itazimaliza.

Mpini nilitengeneza kwa ndara za mpira zilizookotwa ufuoni. Nilizikata duara, nikazitoboa, nikazipanga na kuzigandisha, kisha nikapiga msasa. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu waliteremsha majini jahazi zima la plastiki zilizookotwa, Flipflopi, wakalivika ndara za rangi rangi. Mimi nishindwe na mpini?

Kwenye kufunga pete ndipo nilipojiaibisha. Kazi hii yataka vidole vya mshona kofia: uzi ukae mstari kwa mstari bila mwanya, kisha upakwe Araldite, na fimbo izungushwe kila baada ya dakika chache ili gundi isichuruzike. Mimi nilichukua uzi wa pamba kwenye cherehani ya mke wangu, nikapaka gundi usiku wenye unyevu, na kesho yake mchana nikaanza majaribio.

Nilifunga mizani ya kuning'iniza kwenye nguzo ya baraza, nikapitisha uzi kwenye pete zote na kuvuta huku nimeinamisha fimbo nusu ya wima. (Usiivute ikiwa imesimama wima au kupita hapo, uzito wote utakwenda nchani, na ndivyo nyingi zinavyovunjika.) Mizani iliposoma kilo moja, pete ya tatu iliteleza na uzi ukanikata kidole. Usiidharau kilo moja. Fimbo ndefu humpa samaki nguvu juu yako, na mkono mtupu wa mvuvi wa mshipi huvuta zaidi. Ingekuwa mashuani, ndoana hewani na mgeni nyuma yangu, sijui ningemwambia nini mamake kijana.

Nilifungua pete zote. Safari hii nilitumia uzi wa nailoni, nikapaka gundi mara tatu, na nikasubiri siku tatu. Nilipovuta tena hakuna kilichosogea, wala hakukuwa na mlio kwenye maungio.

Kisha nikaenda kwenye mchanga wa Shela. Hakuna ndoana, nimefunga kishada cha sufi tu. Mzee mmoja aliyekuwa akirudi na pweza wake alisimama.

"Mwanangu, wamchapa nani?"

"Naijaribu, ami."

"Mshipi haujaribiwi."

"Mshipi una mkono wako, ami. Hii haina."

Akaomba ajaribu. Mara ya kwanza uzi ulimzonga kilemba. Mara ya nne ulikwenda mbali kuliko wangu, na sufi ikatua polepole. Alinirudishia fimbo bila neno, akaokota pweza wake.

Ukishaifikisha baharini, bonyeza chembe ya ndoana kwa koleo ilale. Itakurahisishia kumrudisha kolekole mdogo majini, na ikikupata wewe sikioni itatoka bila kisu. Jioni ioshe fimbo kwa maji baridi, pete moja moja.

Mpwa wangu alipiga simu Jumamosi usiku. Nilimuuliza samaki, akanijibu pete ya tatu imeshika. Sasa mwenzake naye anataka yake, kwa hiyo natafuta ndara.