Hazina Pekee Haijengi Nchi

Alipofariki Iskandari wa Makedonia mwaka 323 kabla ya Kristo, majemadari wake waligawana dola yake kama warithi wanaogombania mali ya marehemu. Mmoja wao, Lysimachus, alitwaa Thrace, kisha akajiongezea sehemu kubwa ya Asia Ndogo na Makedonia yenyewe. Alijulikana kwa kurundika fedha. Lakini alipomwua mwanawe Agathocles, watu walimkimbia. Hata mlinzi wa hazina yake ya Pergamon, yenye talanta 9,000, alihamia kwa adui. Mwaka 281 Lysimachus akauawa vitani, na ufalme wake ukazikwa pamoja naye.

Habari hizo ni za mbali, lakini mfano wake tunao hapa hapa Biharamulo na Ngara. Uzinza ilikuwa nchi moja ya Wahinda, kisha ikagawanyika. Mwaka 1861 msafiri Mwingereza, Speke, alimkuta Ruhinda akitawala mashariki na Suwarora akitawala magharibi, katika Rusubi, ambayo watu wa misafara waliiita Usui. Kila mkubwa alidai hongo, yaani ushuru wa njia. Lumeresi alimzuia mgeni huyo zaidi ya miezi miwili. Huko Usui akatozwa kituo baada ya kituo, wala Suwarora mwenyewe hakujitokeza kuonana naye. Alipoingia Karagwe, Rumanika alimkaribisha bila kumtoza hongo.

Je, nguo na shanga hizo ziliinufaisha nini Rusubi? Wakati huo huo vijiji vya Uzinza vilikuwa vikijizungushia maboma kwa hofu ya Watuta. Baada ya Suwarora akaja Kasusura. Na Wajerumani walipofika, waliikuta nchi vipande vipande. Boma lao lingali limesimama Biharamulo kama ushahidi.

Sisi hatuwalilii wafalme. Mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963, na yalistahili kufutwa. Wala hatupingi kugawa maeneo ya utawala. Chato ilitoka katika Biharamulo, na mwaka 2012 ikaingia Mkoa mpya wa Geita. Kugawa kwa nia ya kuwasogezea wananchi huduma ni jambo jema. Tunalolipinga ni kila mpaka mpya kuzaa kizuizi kipya, na kila kizuizi kuzaa mkono unaonyooshwa.

Mvuvi wa visiwani anayeleta dagaa bara, na mkulima wa Ngara anayesafirisha ndizi, si msafara wa Speke. Hao ndio wenye nchi. Walipe ushuru halali mara moja, wapewe stakabadhi, na waone fedha yao ikigeuka zahanati na gati.

Neno hongo leo limebaki na maana ya rushwa. Ndugu watumishi wa serikali, lugha yetu imekwisha toa hukumu. Tusingoje historia iitoe mara ya pili.