Kilo Tisa Zinapozidi Thelathini na Tano

Korogwe, mojawapo ya sehemu 11 za Afrika ambako chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014, inafahamu thamani ya kumbukumbu safi. Na ichukuliwe kwamba uzito wa watoto wa Handeni umeandikwa katika faili, nayo programu ya Python huko Korogwe inausoma ili kukadiria dawa mseto ya malaria. Mtoto wa kilo 9 hustahili kidonge 1 kwa kila dozi. Mwenye kilo 35 au zaidi hupewa 4. Iwapo uzito na viwango vya jedwali vimesomwa vyote kama maandishi, kompyuta huvipanga kama maneno ya kamusi, ambamo 9 huja baada ya 35. Mtoto huyo ataandikiwa vidonge 4, wala programu haitalalamika.

Wapenzi wa Python hudai kuwa kutangaza aina za data huondoa wepesi wa lugha hiyo. Kwa programu fupi itakayotupwa kesho, wana haki. Lakini tangu toleo la 3.5 la mwaka 2015 upo utaratibu rasmi wa kutangaza aina, usio wa lazima. Python yenyewe haizikagui. Sharti chombo kama mypy kipitishwe kabla ya programu kuendeshwa. Sehemu inayokadiria dozi ikitangazwa kupokea namba tu, mypy hukataa maandishi, na mwandishi wa programu hulazimika kuyageuza yakiwa bado mlangoni.

Kilo 19 iliyoandikwa badala ya 9 itapita bila kuulizwa. Hiyo ni kazi ya muuguzi na mizani yake.